Ulevi Uliovaa Raba

Majirani zangu, habari hii sikuletewa na mtu. Niliiona kwa macho yangu haya, na kipande chake kimoja nilikifanya kwa miguu yangu hii, ambayo ina miaka hamsini na miwili na goti moja linalolia kama mlango usiotiwa mafuta. Basi nisikilizeni hadi mwisho, na pale nitakapojilaumu, msinionee huruma.

Mlango wangu unatazamana na mlango wa Pasi. Mimi na Pasi tunafanya kazi pamoja kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, yeye kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka, mimi msimamizi wa zamu. Jina hilo la Pasi tulimpa sisi kazini, likamfuata mpaka mtaani. Mumewe ni fundi wa friji. Wana mabinti wawili, na mama yake Pasi anaishi nao. Sote tunamwita Bibi.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa barazani kwao. Bibi alikuwa akimsuka nywele mjukuu mdogo kwa kupapasa, maana macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mjukuu mkubwa alikuwa akimsomea gazeti la juzi. Fundi ameketi kwenye ngazi, kikombe cha chai pembeni, feni ya nyumbani ameifungua vipande vipande anaitengeneza. Pasi alikuwa akitusimulia jinsi daktari mmoja alivyosahau mkasi kwenye mfuko wa koti, mkasi ukaingia mashineni ukapiga kelele kama ngoma, na sote tukawa tunacheka. Mtu angepita pale angesema, hii ndiyo nyumba.

Na angekuwa sahihi, kwa sababu nyumba ile ilikuwa imetoka mbali. Miaka sita Fundi alikuwa mlevi, tena si wa kuficha. Tulikuwa tukimwokota. Kisha mwaka mmoja akaacha. Aliacha kwa kukimbia: kila alipohisi kiu ya pombe alivaa raba akatoka, akarudi amelowa jasho, akalala kama mtoto. Mtaa mzima ulimsifu. Mimi mwenyewe nilimpigia makofi kutoka dirishani kwangu. Ndani ya mwaka alikuwa amekonda vizuri, macho meupe, na tukambatiza jina jipya: Kilomita.

Basi pale barazani saa yake ya mkononi ikalia. Akasimama papo hapo, bisibisi ikamdondoka.

"Unakwenda wapi?" Pasi akauliza.

"Mara moja tu. Kumi."

"Na feni? Watoto hawalali kwa joto."

"Nikirudi."

Alirudi baada ya saa tatu na nusu. Hakuwa amekimbia kilomita kumi. Alikimbia ishirini na nane. Feni ile ilikaa chini vipande vipande wiki tatu nzima, na ndiyo kwanza msimu wa joto ulikuwa unaanza. Mnaujua msimu wetu: jua kali, halafu hewa yenyewe nzito imeshiba maji, unaanika nguo asubuhi na jioni bado ni mbichi. Unaoga, na kabla hujajifuta umeshaloa tena.

Sasa sikilizeni jinsi jambo baya linavyoingia ndani ya nyumba likiwa limevaa nguo nzuri.

Alianza kudanganya. Alisema anakwenda kuona friji ya mteja, kumbe raba ziko kwenye begi la vifaa. Duka la nyama likaharibikiwa na mzigo mzima kwa sababu fundi waliyemwita saa mbili alifika saa saba, tena anachechemea. Kucha za miguu zilimng'oka, akazificha ndani ya soksi. Mfupa wa mguu ulimuuma mpaka akawa anapanda ngazi kwa kushika ukuta, lakini akiulizwa anasema ameteleza bafuni. Siku asipokimbia alikuwa mkali, analaumu chumvi, analaumu kelele za watoto, analaumu hata kuta. Mabinti wakajifunza kutembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yao wenyewe, kama zamani.

Pasi alinijia kazini siku moja, saa ya mapumziko, tukiwa tumekaa juu ya marobota ya mashuka machafu.

"Dada, nimechoka," akaniambia. "Naona kama nimerudi kule kule. Simpati. Nikizungumza naye anatazama saa."

Nami, niliyekula chumvi nyingi, mnajua nilimjibu nini?

"Mshukuru Mungu, mdogo wangu. Si pombe."

Alinitazama kidogo, akainuka, akarudi kwenye mashine yake. Hakulitaja tena jambo lile kwangu kwa miezi miwili. Maneno yangu yale sita yalimfunga mdomo kuliko mume angeweza kumfunga. Na sikuwa peke yangu. Mama wa dukani alimwambia hivyo hivyo. Kiongozi wao wa ibada alimwambia hivyo hivyo. Hata dada yake wa tumbo moja. Mtu mzima na akili zake anazama, na sisi tumesimama kando tunamwambia ashukuru kwamba maji ni safi.

Ikafika katikati ya msimu wa joto. Klabu ya wakimbiaji aliyojiunga nayo Kilomita ilikuwa na mbio kubwa mwishoni mwa mwezi, na yeye alikuwa amejitia kichwani kwamba njia ya kulishinda joto ni kulipiga kichwa kichwa. Alikimbia saa sita mchana. Alivaa koti la nailoni, lile la mvua, amelifunga mpaka kidevuni. Maji hakunywa, eti mwili uzoee shida.

"Utaanguka," Pasi akamwambia.

"Wewe unashinda kwenye mvuke mwaka mzima, mbona huanguki?"

"Mimi nimezoezwa pole pole. Na mimi nakunywa maji."

Akacheka, akafunga kamba za raba.

Wiki hiyo hiyo Bibi alipangiwa operesheni ya jicho pale pale hospitalini kwetu. Ilikuwa ndogo, ya kuingia asubuhi na kutoka asubuhi. Pasi alikuwa zamu na hakuna wa kumbadili, hivyo Kilomita akaahidi mwenyewe, mbele yangu: "Mama mkwe, saa nne kamili nitakuwa mlangoni. Nitakushika mkono mpaka kitandani kwako."

Saa nne Bibi alitolewa, jicho limefungwa bandeji, akakalishwa kwenye benchi la ukumbini. Saa tano nilipita na kitoroli cha mashuka, nikamkuta.

"Bibi, bado uko hapa?"

"Namsubiri mkwe wangu."

"Nikutafutie mtu akupeleke?"

"Mwanangu, ameniahidi. Nikiondoka atakuja asinikute, atahangaika."

Saa sita nilimpelekea chai. Saa saba kasoro alikuwa bado ameketi vile vile, mkoba wake mapajani ameukumbatia kwa mikono miwili, akigeuza kichwa kila aliposikia hatua za mwanamume. Pasi alipopata habari alikuja mbio kutoka kwenye mashine, akamwona mama yake, akasimama. Kisha akampokea mkoba, akamshika mkono.

Kumbe Kilomita alikuwa ametoka nyumbani saa mbili, akiwa amepanga kukimbia kuelekea hospitali na kumchukua Bibi hapo. Ilipofika saa nne alikuwa jirani kabisa. Akaitazama saa yake ya mkononi, akaona amebakiza kidogo kutimiza ishirini. Akaongeza mzunguko mmoja. Alipotimiza ishirini akaona thelathini si mbali. Akaongeza mwingine. Ulevi, ndugu zangu, sikuzote huomba kimoja tu cha mwisho.

Saa saba na dakika kumi mlinzi wa lango la nyuma, ambalo liko ubavuni mwa chumba chetu cha kufulia, alipiga yowe. Tukatoka. Kilomita alikuwa anakuja anayumba, koti limefungwa mpaka kidevuni, uso mwekundu umevimba, mate yamekauka meupe pembeni mwa midomo. Pasi alimkimbilia. Naye akamtazama mkewe usoni, mke wa miaka kumi na minne, akasema kwa adabu kabisa:

"Shikamoo, dada. Hujamwona mke wangu? Nilikuwa na mgonjwa wa kumchukua."

Kisha akaanguka.

Sisi wa chumba cha kufulia joto tunalijua. Mwaka uliotangulia mwenzetu mmoja alianguka kwenye mashine, na daktari akatufundisha sote: mtu akichanganyikiwa kwa joto, mpoze kwanza, mengine baadaye. Sikungoja machela. Tulilichana lile koti kwa mkasi, tukamnyanyua wanawake watano, tukamtumbukiza kwenye birika letu la saruji la kuloweka mashuka, maji mpaka shingoni. Mapacha wetu wawili wanaokunja mashuka walikwenda mbio jikoni wakarudi na ndoo za barafu. Binti tunayemwita Kimya, ambaye kwa miaka miwili sikuwa nimemsikia akisema sentensi ndefu, alisimama mlangoni akamfokea mhudumu aliyetaka tumtoe: "Hatoki humu mpaka daktari afike!" Pasi alikuwa ndani ya birika na nguo zake, amekishika kichwa cha mumewe kisizame, anamwita kwa jina lake, lile la ndoa, si la mtaani.

Daktari alipofika akampima. Nyuzi arobaini na moja na kitu. Akatazama barafu, akatazama sisi tulivyolowa, akasema, "Mngenisubiri mimi, ningekuja kusaini cheti cha kifo."

Alitoka hospitalini baada ya siku tisa. Fundi wa friji, aliyeponea kwa ndoo ya barafu! Mtaani watu walifanya mzaha huo wiki nzima, naye aliuvumilia. Lakini yaliyosemwa nyumbani kwake hayakuwa mzaha. Pasi aliniita niwepo, nafikiri kwa makusudi.

Bibi ndiye aliyeanza. "Mkwe wangu, sikukasirika kwa kukaa. Mimi kukaa naweza. Nilikasirika kwa sababu kila aliyepita nilimwambia unakuja, nikakutetea mpaka nikaaibika."

Kilomita aliinamisha kichwa. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Siku tisa bila kukimbia, na mikono ilikuwa inatetemeka kama siku zile alizoacha chupa. Akaitazama, akatunyooshea tuione.

"Nilidhani nimeacha," akasema. "Kumbe nilihama tu."

Pasi alimjibu taratibu, bila kupandisha sauti. "Sitaki uache kukimbia. Kukimbia kulikurudisha kwetu. Nataka usikutumie kuondoka tena. Utakwenda kwa mshauri wa hospitali, kwenye kile kikundi cha walioacha pombe, uwaambie na hili. Saa hiyo ya mkononi utanipa mimi. Na siku daktari akikuruhusu, utakimbia na mtu unayeongea naye."

Akaivua saa, akaiweka kiganjani mwa mkewe. Kisha Pasi akanigeukia mimi. "Na wewe, dada, nikikwambia nimechoka tena, usiniambie nishukuru." Nilitamani sakafu ipasuke. Nikamwomba radhi mbele ya mama yake, naye akanisamehe, lakini sikujisamehe upesi hivyo.

Mwaka ukapita. Kilomita alikwenda kwenye kikundi kila Jumanne. Feni ikapata mabawa yake. Alipiga simu kwa wateja aliowaangusha, mmoja mmoja. Miezi minne daktari alimkataza kukimbia, halafu akamruhusu kidogo kidogo, na alikuwa akikimbia asubuhi na Pasi, nusu saa, wanabishana njia nzima juu ya ada za shule na nani aliacha bomba wazi.

Ndipo tangazo likabandikwa ukutani kazini: mbio za mahali pa kazi, kilomita kumi na tano, katikati ya msimu wa joto. Kila timu watu watano, na klabu za wakimbiaji nazo zinaruhusiwa. Muda wa timu ni muda wa mtu wake wa tano kufika. Mabingwa, miaka saba mfululizo, zimamoto.

"Tuingie," Pasi akasema.

Tulivunjika mbavu kwa kicheko. Kisha tukaona yeye hacheki.

"Nani mwingine katika mji huu anafanya kazi ndani ya mvuke saa nane kwa siku?" akauliza. "Hao zimamoto joto wanalitembelea. Sisi tunakaa nalo."

Wakapatikana watano: Pasi, mapacha wawili, Kimya, na kwa kuwa hapakuwa na wa tano, mimi. Na kocha, mnamjua. Pasi ndiye aliyemwomba, kwa masharti, naye akayakubali yote kabla hajamaliza kuyataja.

Ningetaka mngemwona Kilomita akitufundisha. Wiki ya kwanza alitukimbiza dakika ishirini tu, tena pole pole mpaka mbwa wa mtaani wakatupita. "Mwili unahitaji wiki mbili kulizoea joto," alisema. "Utaanza kutoa jasho mapema, moyo utatulia. Ukiuharakisha, utakulipiza. Niulizeni mimi." Tulitoka kabla jua halijapanda. Tulikunywa maji kabla, tukanywa njiani, mafunda mawili matatu ya maji yenye chumvi kidogo na sukari. Tulivaa nguo nyepesi za kupwaya. Akakata mashuka yaliyochakaa vitambaa virefu, akavilowesha, tukavifunga shingoni. Na kanuni yake kubwa ilikuwa hii: ukishindwa kusema sentensi nzima, punguza mwendo. Hapo alikuwa amepata timu yake. Kuongea sisi hatujawahi kushindwa. Hata Kimya alianza kuongea, na alipoanza ikabidi tumwombe apumzike.

Siku moja pacha mmoja alihisi kizunguzungu kwenye kilomita ya saba, akataka kuendelea kwa kuona aibu. Kilomita alimsimamisha, akamkalisha kivulini, akaketi naye saa nzima, na zoezi la siku hiyo likafa hapo. "Kesho ipo," akasema. Nilimwona Pasi anamtazama mumewe akiwa ameketi kwenye vumbi anampepea binti wa watu kwa kipande cha boksi, na uso wa Pasi ulikuwa na upole ambao sikuwa nimeuona kwa muda mrefu.

Siku ya mbio ilifika na joto lake. Tulitakiwa kuanza saa moja na nusu, lakini mgeni rasmi alichelewa, na alipofika akakumbuka kwamba ana hotuba. Alihutubia kuhusu umuhimu wa kuheshimu muda. Tulianza saa tatu. Hewa ilikuwa kama chumbani kwetu mashine zote zikiwa zimewashwa. Zimamoto walikuwa wanarukaruka pale mbele, vifua kama makabati, wanapiga kelele. Sisi tulikaa kivulini, tunakunywa maji, tunasengenya.

Dakika chache kabla ya kuanza, nahodha wa klabu ya zamani ya Kilomita alikuja mbio, ameshika namba ya kubandika kifuani. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo.

"Mungu amekuleta! Mtu wetu wa tano ameumwa tumbo. Vaa hii. Raba unazo miguuni, unangoja nini?"

Kilomita aliitazama ile namba. Nawaambia kweli, niliona mkono wake ukianza kuifuata. Alikuwa amepangwa kusimama kilomita ya kumi, na ndoo zake za maji na vitambaa, pamoja na mabinti zake na Bibi kwenye kiti. Hakuna ambaye angemlaumu waziwazi. Tungepita, tungekuta maji ya waandaaji. Mpiga filimbi alikuwa anaelekea kwenye mstari.

"Mara moja tu, ndugu yangu," nahodha akasema. "Kumi na tano tu hizi."

"Hapana," Kilomita akasema. Akaurudisha mkono wake. "Hapana. Kuna watu wananisubiri kilomita ya kumi." Akageuka akaondoka haraka, akipita katikati ya umati, hakuangalia nyuma. Nikamtazama Pasi. Alikuwa ameyasikia yote. Alikaza kamba za raba zake, na nikajua leo huyu hatashikika.

Filimbi ikalia. Zimamoto wakatoka kama nyumba inaungua kule mwisho wa barabara. Sisi tukatoka kama tunakwenda sokoni. Kilomita ya tatu tulikuwa wa nyuma kabisa, na watu walitupigia makofi ya huruma. Kilomita ya sita tulianza kuwakuta. Wa benki wamekaa ukingoni. Wa bandarini wanatembea, mikono kiunoni. Joto lilikuwa limewakamata shingoni, na sisi ndiyo kwanza tunajadili harusi ya binamu wa Kimya.

Kilomita ya kumi tuliwasikia kabla ya kuwaona. Mabinti wawili wanapiga sufuria, Bibi amesimama juu ya miguu yake, macho yote mawili wazi, anaita, "Nawaona! Nawaona kutoka kule kwenye kona!" Kilomita alimpa kila mmoja kikombe mkononi na kitambaa cha barafu shingoni. Pasi alipofika alimshika bega sekunde moja.

"Unajisikiaje? Sema sentensi nzima."

"Ninajisikia vizuri, na nikifika nyumbani utapika wewe," Pasi akasema bila kuhema.

"Basi nenda," akamwambia. "Sasa nenda!"

Na akaenda, majirani! Alifungua miguu kama mtu aliyefunguliwa mlango. Mapacha wakamfuata, Kimya nyuma yao. Nikabaki na goti langu na kilomita tano.

Kilomita ya kumi na nne, barabara ndefu isiyo na kivuli, nilimwona mbele yangu kijana wa zimamoto, wa tano wao, anatembea huku ameshika paja lililokaza. Nilifika ubavuni mwake.

"Mama," akasema, "nawe unakimbia?"

"Hapana, mwanangu. Nina haraka tu." Nikampa kichupa changu cha maji. "Kunywa, keti kivulini kule, usijikaze."

Nikampita. Mwendo wa mita mia tano za mwisho siukumbuki vizuri. Nakumbuka wenzangu wanne wamerudi pembeni ya njia wanalia na kupiga kelele, nakumbuka Pasi anakimbia sambamba nami nje ya kamba, anasema, "Dada, sentensi nzima! Sema sentensi nzima!" nami nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mgeni rasmi, "Hawa zimamoto tumewazima!"

Nilivuka. Msemaji akachungulia karatasi yake, akaomba aletewe nyingine, kisha akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba timu ya kwanza kukamilisha watu watano ni chumba cha kufulia cha hospitali. Kombe lilikuwa kubwa kuliko kifua changu. Kilomita alifika amebeba ndoo tupu, mabinti mbele, Bibi akiwa amemshika mkono. Pasi akampa kombe alishike. Alilishika, akalia waziwazi mbele ya watu wote, na mkewe akamfuta uso kwa kile kitambaa cha shuka.

FUNZO

Ndugu zangu, msiende kusema nimewakataza kukimbia. Kimbieni. Lakini joto liheshimuni: anzeni pole pole, kunyweni maji, tokeni mapema, na mwenzenu akianza kuchanganyikiwa mpozeni palepale bila kungoja mtu.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili. Kitu chochote kinachomfanya mtu adanganye walio nyumbani kwake, afiche maumivu, na avunje ahadi kwa ajili ya kimoja cha mwisho, hicho ni ulevi, hata kama kinasifiwa, hata kama kinakondesha. Aliyeacha pombe amefanya jambo kubwa, na bado anahitaji kuangaliwa na watu wanaompenda, si kupigiwa makofi tu kutoka dirishani.

Na sisi majirani, hasa sisi wenye midomo mirefu, mtu akija kutuambia amechoka, tusimpimie uchovu wake kwa kuulinganisha na mbaya zaidi. Tumsogezee kiti, tumuulize, "Umechoka na nini?" Kisha tunyamaze mpaka amalize kusema.